Herufi Tatu

Dada yangu mdogo ni mfamasia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili; mchana naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno, jioni nakaa kwenye kaunta ya dada nikipokea pesa. Nasema hivyo mapema ili usinipe cheo nisichokuwa nacho. Hapa Otonglo, yeyote anayesimama nyuma ya dirisha la kemisti huitwa daktari. Mimi nimeitwa daktari mara nyingi kuliko dada yangu mwenyewe, kwa sababu tu nina ndevu.

Kemisti si yake, ameajiriwa. Iko kando ya barabara ya Busia, karibu kiasi kwamba lori likipita chupa zinagongana kwenye rafu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, matatu zinapomwaga watu kutoka mjini, foleni inaota ghafla. Kuna mama mwenye samaki ndani ya karatasi, kuna mtu wa boda ambaye hajazima injini, kuna mwanafunzi anayetaka kunong'ona shida yake lakini nyuma yake kuna watu sita. Wote wana haraka. Wote wanaangalia mikono ya dada yangu.

Na mikono ya dada yangu haina haraka.

Nyumbani tulijulikana kwa mwendo. Mama akinituma sokoni, nilirudi mbio na chenji pungufu. Akimtuma yeye, alirudi giza likiingia, kila shilingi imehesabiwa. Hata chuo niliacha mbio mbio: karo ilikwama muhula mmoja, nikapata kazi ya kuandika mtandaoni, nikashika pesa kidogo, nikasema nitarudi. Sikurudi. Yeye alikaa miaka 5 ya digrii, akaongeza mwaka wa mafunzo hospitalini, akafanya mitihani ya Bodi ya Famasia na Sumu, ndipo akapewa leseni. Imetundikwa ukutani ndani ya fremu ambayo Mama aliinunua kwa pesa ya omena.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Alisoma jina la dawa akiitoa kwenye rafu, akalisoma tena akihesabu vidonge, akalisoma mara ya tatu kabla ya kuipitisha dirishani. Halafu maswali. Unakunywa dawa nyingine? Una mimba? Mtoto ana kilo ngapi? Hilo la kilo ndilo lililowaudhi watu zaidi. Lakini dawa ya malaria ya AL hupimwa kwa uzito: mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, wa kilo 16 hupewa viwili. Ukikadiria kwa macho, unaweza kumpa mtoto nusu ya dawa anayohitaji.

Watu walichoka kungoja, wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Mwenye duka aliona hesabu ya siku, akamwita pembeni. "Daktari, hii ni biashara. Hapa si darasani." Usiku ule dada alikula kimya. Baadaye akaniuliza, "Kwani mimi ni mzembe?" Nilimwambia hapana, lakini akaze mwendo kidogo. Nilijiona ndugu mwenye busara.

Tulipokuwa shule ya msingi tulikariri kwamba haraka haraka haina baraka. Ukurasa uleule ulituambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna mwalimu aliyetueleza ufuate ipi, siku gani.

Basi ikawa jioni ya mwisho wa mwezi. Mvua ilikuwa imekatika, stima imepotea, tunatumia taa ya simu. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Katikati akatokea msichana wa miaka kama tisa, amelowa, ameshika noti ya shilingi mia na kipande kidogo cha ile karatasi ya kung'aa inayofunga vidonge. Kilikuwa kimekatwa kwa makasi. Ukienda kemisti nyingi kununua vidonge vinne, unakatiwa vinne, na jina la dawa linakatwa pia. Kwenye kipande chake zilibaki herufi tatu: MET.

"Nimetumwa dawa ya dani," akasema. Dani ni nyanya.

"Dani anaugua nini?" dada akauliza.

"Tumbo inamsumbua."

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kufikiri. MET, na tumbo: metronidazole, ile ambayo kila mtu huiita Flagyl. Inauzwa hapa kila siku kwa watu wanaoendesha. Nilinyoosha mkono nikaitoa kwenye rafu. Najua siruhusiwi. Sheria hainiruhusu, na dada aliniambia siku ya kwanza kwamba mpaka wangu ni droo ya pesa. Lakini watu walikuwa wanasonya, na nilidhani namsaidia. "Mpe hii aende," nikamwambia, "watu wanangoja."

Hakunijibu. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Dani hunywa hii dawa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Tangu lini?"

Mtoto akafikiri. "Tangu nikiwa nasari."

Hakuna mtu anayekunywa Flagyl tangu mjukuu wake akiwa nasari. Dada aliichukua pakiti mkononi mwangu, akairudisha mahali pake. Alipiga namba ambayo mtoto aliijua kwa kichwa. Simu ilikuwa imezimwa. Jamaa wa boda akatukana kwa Kijaluo, akawasha pikipiki, akaenda zake. Wawili wakamfuata. Dada akaniambia, "Nenda naye mpaka kwao. Usirudi na maneno. Rudi na boksi, au picha ya boksi."

Nilikwenda nimekasirika. Tulipita vichochoro vyenye maji, mtoto mbele, mimi nyuma na viatu vyangu vya pekee. Nyumba ilikuwa ya mabati, chumba kimoja. Dani alikuwa amekaa kitandani. Nilimsalimu, nikamweleza. Akacheka, akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa kadi ya kliniki na boksi lililobonyea. Metformin. Dawa ya sukari. Ilikuwa imemwishia siku nne, na kila alipoinywa ilimchafua tumbo, ndiyo maana mjukuu alijua habari za tumbo tu.

Sitakudanganya kwamba angekufa usiku ule. Sukari haifanyi kelele. Ingepanda polepole, huku yeye akimeza dawa ya kuhara asubuhi na jioni, akidhani anajitibu. Angegundua baada ya wiki, pengine kwa macho, pengine kwa kidonda cha mguu. Na hakuna mtu ambaye angekumbuka kaunta yetu, wala mkono wangu.

Kosa lile wala si langu peke yangu duniani. Metformin na metronidazole zimo kwenye orodha za majina ya dawa yanayochanganywa. Kuna wanaoziandika kwa herufi kubwa katikati, metFORMIN na metroNIDAZOLE, ili jicho lenye haraka lijikwae. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Niliyasoma hayo baadaye, usiku, nikitafuta mahali pa kuificha aibu yangu.

Nilirudi na picha. Dada aliisoma, akaisoma kadi, akatoa dawa, akaandika kwenye bahasha kwa Kijaluo: asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Alimwambia mtoto amwambie dani kwamba chakula kitatuliza tumbo, na arudi kliniki apimwe sukari. Jumla, dakika 40. Tulipoteza wateja wasiopungua watano. Mimi hakuniambia kitu mpaka tulipofunga.

"Ukigusa rafu tena," akasema, "utatafuta kazi kwingine." Halafu akaninunulia chapati.

Ningeishia hapo, ungeondoka ukidhani namsifu mtu wa polepole. Lakini wiki mbili baadaye alikuja mama mbio, mtoto mgongoni, akiomba dawa ya malaria. Dada aliinua macho mara moja. Mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Hakuuliza kilo. Hakusoma chochote mara tatu. Alitoka nje ya kaunta, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, akasimamisha tuktuk katikati ya barabara. "Hapa sina cha kukuuzia. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Mpeleke Russia sasa hivi!" Russia ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, jina hilo limebaki kwa sababu Wasovieti ndio waliojenga. Kabla sijaelewa kinachoendelea, tuktuk ilikuwa imeshaondoka. Yule mama alipita siku kadhaa baadaye, mtoto akiwa amebebwa, anakula mandazi.

Nilimuuliza dada amejuaje kwamba ile si ya kungoja. Akainua mabega. "Ya dani ilikuwa inaweza kungoja dakika 40. Ya yule mtoto haikuwa inaweza hata moja. Foleni haijui tofauti. Mimi ndiye nalipwa kuijua."

Bado mwenye duka huangalia hesabu. Bado wengine huvuka barabara kwenda kwa jirani, ingawa yule jamaa wa boda amerudi, na siku hizi huzima injini. Dada naye ameongeza mwendo: kuhesabu ni haraka, kufunga ni haraka, chenji naitoa mimi. Kusoma jina bado ni mara tatu.

Msichana yule huja kila mwisho wa mwezi. Haleti tena kipande. Huleta boksi zima, tupu, limefungwa kwa mpira wa nywele. Analiweka kaunta mbele yangu na kusema, "Daktari, ya dani." Nami nalisukuma upande wa dada, mikono yangu nikiirudisha kwenye droo.