Wiki mbili ndani ya mashua ya mdogo wangu

Wamama wapenzi, wengi mliniuliza nilikuwa wapi mwezi wa saba. Nilikuwa Kalemie kwa mdogo wangu, lakini sikulala katika nyumba. Nililala juu ya maji.

Mnakumbuka namna ziwa Tanganyika lilivyopanda miaka hii, likaingia katika mitaa ya Uvira, Kalemie, na Bujumbura kwa majirani. Nyumba ya mdogo wangu ilikuwa karibu na ufuko. Maji yalifika dirishani, na ukuta wa matofali mabichi ukayeyuka kama sukari. Walipanga chumba, kisha makuta ya kupanga yakakosekana. Kilichobaki ni mashua ya shemeji, ya mbao, urefu wake kama metre tisa, yenye tanga la bashe na motere ndogo. Wakahamia humo, baba, mama na watoto watatu.

Kalemie iko pale mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kukutana na Lualaba. Asubuhi ni pazuri sana. Wavuvi wa ndagala wanarudi na taa zao, na wamama wanawangojea kwa mabeseni. Mwezi ukijaa hawaendi, kwa sababu ndagala hawafuati taa usiku wenye mwangaza. Shemeji yeye si mvuvi. Anashuka Moba kununua mahindi na maharagwe. Wakati wa kiangazi upepo unatoka kusini: kwenda anatumia motere, kurudi anapandisha tanga na petroli inapumzika.

Lakini usiku wa kwanza sikufunga jicho. Maji yalipenya kati ya mbao, na mdogo wangu aliamka kila mara kuyatoa kwa bakuli. Mbabula ilikaa hatua moja tu kutoka bidoni ya petroli. Na kitinda mimba, mtoto wa miaka miwili, alitembea ukingoni kama mbuzi juu ya ukuta. Nikamwambia shemeji. Akanijibu kwa upole: “Yaya, hii ni mashua ya kazi. Makuta yakipatikana tutaitengeneza.”

Usiku wa tatu tulisikia kitu kimeanguka majini. Mdogo wangu hakuuliza ni nini. Aliruka na nguo zake, akapapasa gizani, akamshika mtoto kwa shati. Tulikuwa karibu na ufuko, maji yalimfika mama kifuani. Mtoto alitapika maji, akalia, na kilio kile tulikipokea kama zawadi. Tungekuwa katikati ya ziwa, ambalo mahali pengine kina chake kinapita metre 1,400, leo ningewaandikia habari nyingine.

Shemeji hakusema neno. Kulipopambazuka alichukua msumeno.

Kazi ya kwanza ilikuwa ukingo. Tulisimamisha vijiti pande zote mbili, tukafunga wavu mzee wa uvuvi kutoka chini hadi kiuno cha mtu mzima. Wavu ulipewa bure na jirani. Usiku, mtoto mdogo anafungwa kamba kiunoni, mwisho wake unashikwa na mama. Jaketi la kuelea lilinunuliwa moja kwanza, la yule mdogo; ya wakubwa yatafuata.

Ya pili, jiko. Shemeji alipigilia sanduku la mbao, tukalijaza mchanga, mbabula ikakaa katikati isiteleze wakati wa mawimbi. Bidoni ya petroli ilihamishwa nyuma kabisa, kwenye motere, na tunapika tu mashua ikiwa imefungwa.

Ya tatu, maji ya kupenya. Tuliivuta mashua nchi kavu siku mbili. Sisi wamama tulisokota pamba, tukailoweka katika mafuta ya mawese, na shemeji akaisukuma katika nyufa kwa patasi na nyundo. Baada ya hapo mdogo wangu alitoa maji asubuhi na jioni tu.

Ya nne ni afya. Kalemie inajua kipindupindu vizuri. Basi ndoo yenye kifuniko ni ya haja za usiku, na asubuhi inamwagwa chooni nchi kavu, si ziwani. Maji ya kunywa yanachotwa mbali na ufuko, yanachemshwa, yanatunzwa katika bidoni ya peke yake.

Wiki ya pili tulikwenda Moba. Wakati wa kurudi upepo ulikaza, tanga likavimba, mawimbi yakatupiga mgongoni. Niliomba kimoyomoyo. Mtoto alikaa ndani ya wavu wake akihesabu ndege.

Siku ya kuagana nilimuuliza mdogo wangu kama amezoea. Alisema: “Yaya, nimezoea, lakini sitaki watoto wazoee. Mwezi wa tisa mkubwa anaanza masomo, atatoka wapi asubuhi?” Ameingia katika likelemba ya wamama wanaouza ndagala ufukoni. Zamu yake ikifika, atalipa sehemu ya kwanza ya kiwanja juu ya kilima, mbali na maji. Shemeji amekubali. Mashua itabaki kuwa ya kazi, kama alivyosema mwenyewe.

Wamama, kati yetu wako wanaolala vyumba vya kupanga, au katika nyumba isiyomalizika. Tusingoje nyumba ya ndoto ndipo tuondoe hatari. Leo jioni tuangalie mbabula iko wapi, petroli iko wapi, na mtoto anaweza kuangukia wapi.