Bekapu ya Garsen iliyokatika kila usiku

MySQL ikikupa kosa namba 2003, maana yake hukufika hata mlangoni: seva haipatikani. Ikikupa namba 2013, maana yake uliingia, ukakaribishwa, kisha muunganiko ukakatika kazi ikiwa katikati. Naona watu wengi wakiyachanganya haya mawili, halafu wanapoteza siku nzima wakibadilisha maneno ya siri. Mimi namba 2013 ilinipeleka mpaka Garsen, Aprili 2024.

Kuna chama cha wakulima wa maembe huko Tana River, jina nalihifadhi. Wana seva moja ofisini. Ndani yake yumo kila mkulima, kilo alizoleta, pesa alizolipwa na anazodai, pamoja na picha za stakabadhi. Seva yenyewe ilikaa sakafuni, chini ya meza. Bekapu ilivutwa kila usiku na kompyuta iliyoko Mombasa, kupitia modemu ya laini ya simu.

Mwezi huo mabwawa ya Seven Forks yalijaa, Masinga likaanza kumwaga, na watu wa chini wakaambiwa wahame. Maji ya huko juu huchukua siku kadhaa kufika Garsen, kwani Tana ni mto wa karibu kilomita 1,000 na sehemu za chini ni tambarare. Basi muda ulikuwepo, lakini si wa kuchezea. Ndipo mtu wa Mombasa akafungua faili ya jana, akakuta imeishia katikati. Ya juzi vilevile. Ya mwezi mzima vilevile.

Kila mtu alisema ni mtandao. Jamani, huku kwetu mtandao hubebeshwa dhambi zote! Nilipofika nikaendesha mysqldump palepale kwenye seva, bila kupita kwenye modemu. Ilimaliza kwa dakika chache bila kulalamika. Kwa hiyo diski nzima, hifadhidata nzima, neno la siri sahihi. Nikasoma makosa ya usiku uliopita na wa kabla yake: kila mara ilikatikia jedwali la picha, ila kila mara mstari tofauti. Kama picha moja ingekuwa mbovu, ingekwama mstari uleule.

Jibu liko kwenye kigezo kiitwacho net_write_timeout. Seva inaposukuma data kwa mteja na mteja hapokei, haingoji milele. Kwa kawaida husubiri sekunde 60, kisha hufunga mlango. Majedwali madogo yalipita haraka kabla laini haijasita. La picha lilichukua saa nyingi, na jioni, watu wote wa mji wakiwa kwenye simu zao, laini ilikuwa ikiganda zaidi ya dakika moja. Laini haikukatika. Ilichelewa tu, na seva ikachoka kungoja.

Ungeweza kuongeza sekunde zile ziwe 600 na kosa likapungua. Mimi sikupenda dawa hiyo peke yake. Laini ikikatika kweli saa kumi alfajiri, mysqldump haijui kuendelea ilipoachia, unaanza moja. Nikazigawa kazi mbili. Kwanza nakala iandikwe kwenye diski ya seva yenyewe, kwa --single-transaction na --quick, ikibanwa na gzip. (Hiyo ya kwanza inafaa majedwali ya InnoDB; ya MyISAM hayalindwi nayo.) Kisha rsync yenye --partial ipeleke faili Mombasa. Laini ikikatika, amri ikirudiwa inaendelea na kipande kilichokwisha fika. Iganda itakavyo, ikate itakavyo.

Lakini lililonikera zaidi lilikuwa jingine. Kwa nini mwezi mzima hakuna aliyejua? Skripti ya zamani ilipitisha mysqldump kwenye gzip, halafu ikauliza: kazi imefaulu? Ganda la Linux kwa kawaida hujibu kwa niaba ya programu ya mwisho kwenye foleni. gzip ilibana ilichopewa, nusu au robo, ikasema sawa. Kila asubuhi ujumbe wa “sawa” ukafika kwa simu ya katibu. Mstari mmoja juu ya skripti ya bash, set -o pipefail, ungepiga kelele siku ya kwanza. Nikauweka. Nikaongeza pia kuangalia mwisho wa faili, kwani mysqldump ikimaliza salama huandika yenyewe kwamba imekamilika, na tarehe.

Faili ya kwanza ilifika Mombasa saa tano usiku, baada ya kukatika mara tatu njiani. Nikamwomba yule wa kule airejeshe kwenye hifadhidata tupu, tuhesabu mistari pande zote mbili kwa simu. Ikalingana.

Mzee mmoja, mkulima, alikuwa amekaa barazani muda wote huo.

“Mwanangu, kilo zangu za Desemba zimo kwenye hiyo ya Mombasa?”

“Nitajie jina lako kamili, mzee.”

Akanitajia, yule wa Mombasa akatafuta, akatusomea kilo na deni. Mzee akauliza tarehe, akatajiwa, akaridhika, akaenda kufunga mizigo yake. Asubuhi tuliifunga seva kwa nailoni, ikapakiwa kwenye pikipiki, ikaelekea Minjila.