Mawe ya Kanisa Ukutani

Mwaka 1009 Khalifa al-Hakim aliamuru Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu, libomolewe. Ni mbali, lakini njia ya misafara iliyotoka kwetu Tabora ilishuka hata Bagamoyo, na ng'ambo ndiko Unguja. Huko nimeiona Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman, baada ya kuwashinda Wareno mwaka 1698, waliijenga mahali pa kanisa la hao Wareno, na mabaki yake yangalimo ukutani. Nalisikitika. Kisha, mwendo mfupi tu, nikafika palipokuwa soko la watumwa hata 1873. Wengine waliouzwa hapo walipitishwa Tabora kwa minyororo. Majonzi yangu yakazidi. Sasa ni kanisa kuu la Waanglikana. Madhabahu, yasemekana, yasimama palipokuwa mti wa kuchapia watu.