Nairobi hadi New York: kilomita ni hesabu, masaa ni kitu kingine

Leo tuache mambo ya seva kidogo, tuzungumzie ndege. Ziko tovuti nyingi zinazokupa umbali kati ya viwanja viwili vya ndege pamoja na muda wa safari. Umbali uamini. Muda uutilie shaka.

Tuchukue JKIA ya Nairobi na JFK ya New York, safari ambayo Kenya Airways ilianza kuiruka moja kwa moja Oktoba 2018. Ukichukua latitudo na longitudo za viwanja hivi ukatumia kanuni ya Pythagoras, kana kwamba dunia ni bapa kama meza, unapata kama kilomita 13,160. Lakini dunia ni tufe. Kanuni ya haversine, ambayo ni mistari kama kumi tu ya Python, inakupa kama 11,840. Tofauti ni zaidi ya kilomita 1,300! Njia hiyo fupi hutoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi na kukata Sahara, juu kabisa ya ule mstari ambao ungeuchora kwa rula kwenye ramani ya ukutani.

Sasa masaa. Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata masaa 13 na kidogo. Lakini safari hiyo ilipoanza ilipangiwa kama masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Kwa nini? Ndege hutambaa uwanjani kabla ya kuruka, hupanda polepole, na njia yake si ile fupi kamili. Halafu kuna upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda unaipiga usoni, kurudi unaisukuma.

Dada yangu mdogo alipokuwa akienda kusoma huko, Mama aliniambia, "Wewe si ndiye umesomea kompyuta? Niambie mtoto atafika saa ngapi." Kwa mzazi anayengoja simu, masaa mawili yaliyopungua kwenye hesabu ni masaa mawili ya kudhani ndege imeanguka. Nikampa jibu la ratiba, si la kugawanya, nikaongeza muda wa foleni ya uhamiaji. Tena nikampa kwa saa za Nairobi, maana New York iko nyuma yetu kwa masaa 8 majira ya baridi na 7 majira ya joto. Wao husogeza saa zao, sisi hatusogezi.

Kwa hivyo wewe unayeandika programu ya safari: kilomita zipige kwa haversine, muda utoe kwenye ratiba, kwenda na kurudi uvitenganishe, na useme wazi hizo ni saa za wapi. Mistari michache tu ya ziada.

Haya, tukijaliwa tutarudi kwenye seva wiki ijayo.