Ubao wa Gemu Katika Ofisi ya Msikiti

Neno moja laweza kukiponza kitu kizima. Juu ya boksi lililofikishwa mezani kwa kamati yetu hapa Kharumwa palikuwa na neno la Kiingereza kwa herufi kubwa nyekundu, lenye maana ya michezo. Kwa neno hilo peke yake, wazee wawili wa kamati walitaka boksi lirudi lilikotoka kabla halijafunguliwa. Hoja yao haikuwa nyepesi. Fedha za msikiti ni amana. Waliozitoa ni watu wa karasha na mialo, mama lishe na wenye vibanda vya sokoni, na hakuna hata mmoja wao aliyetoa ili vijana wapate mashine ya kufyatuliana risasi kwenye kioo.

Tunaiandika habari hii kwa kuwa swali hilohilo limo katika nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu. Kijana anataka kompyuta, anataja majina yasiyoeleweka, baba anasikia neno gemu na mazungumzo yanaishia hapo. Au baba anatoa fedha ili apate utulivu, asijue alichokinunua. Hatukuridhika na njia yoyote kati ya hizo mbili.

Kilichokuwamo ndani ya boksi si mchezo. Ni ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi: sahani ya plastiki ngumu yenye njia za shaba, ambayo prosesa, kumbukumbu, diski na kila tundu la nyuma ya kompyuta hushikamana nayo. Zile za daraja la gemu hutofautiana na za ofisini kwa mambo machache. Sehemu inayoipa prosesa umeme huwa imara zaidi na kufunikwa kwa vyuma vya kupoza joto, matundu huwa mengi na ya kasi zaidi, na huwa na taa za rangi za mapambo zisizo na kazi yoyote. Mzee mmoja aliuliza kama taa zile zinazimika. Zinazimika, katika mipangilio ya ubao wenyewe, na jibu hilo lilipunguza nusu ya upinzani wake.

Haja yetu ilikuwa hii. Mwalimu wetu wa darsa za baada ya Magharibi, aliyetufundisha kwa miaka mingi, alitangulia mbele ya haki. Miaka yake ya mwisho vijana walimrekodi kwa picha na sauti. Rekodi hizo, gigabaiti mia sita hivi, zilikuwa kwenye diski moja ya nje, ya zile zinazozunguka ndani kama santuri, na diski hiyo ilikuwa imeanza kutoa mlio wa kugonga. Anayezijua diski anaujua mlio huo. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na matundu ya USB 2.0 tu, na kila jaribio la kunakili lilikatizwa na umeme kabla ya kufika mwisho. Mwenye duara mmoja, ambaye naye aliwahi kukaa kwenye darsa zile, akatoa fedha kwa sharti la wazi: ni za kuhifadhi sauti ya mwalimu na kuwatumikia watoto wa madrasa, si za mabati wala maji. Sharti la mtoaji tulilazimika kulifuata.

Hapa ndipo kasi ya tundu inapoacha kuwa fahari ya vijana na kuwa jambo la haja. USB 2.0 iliwekwa mwaka 2000, na kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde. Biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, na ukiondoa kinachopotea njiani, hubaki megabaiti thelathini na kitu. Kwa mwendo huo gigabaiti mia sita zinahitaji saa tano hivi mfululizo. Tundu la gigabiti 5 linaweza kuipa diski inayozunguka mwendo wake wote, tuseme megabaiti mia moja kwa sekunde, na kazi ikaisha kwa chini ya saa mbili. Kwa diski mpya zisizozunguka, kwenye tundu la gigabiti 10, mzigo huohuo ni wa dakika kumi na mbili. Lakini diski yetu ilikuwa ya kuzunguka. Ungeichomeka hata kwenye tundu la gigabiti 20, isingezidi pumzi yake yenyewe.

Tulilieleza jambo hilo kwa urefu kwenye kikao kwa sababu kijana aliyetushauri, mjuzi na mwenye nia njema, alianza kwa kutaka ubao wenye Thunderbolt. Hiyo ni njia iliyoanzishwa na Intel kwa kushirikiana na Apple mwaka 2011, na tangu toleo lake la tatu la mwaka 2015 hutumia tundu lenye umbo la Type-C na kufikia gigabiti 40. Ni kitu kizuri. Hatuna kifaa hata kimoja cha kukitumia, na hatukitarajii kwa miaka mitano. Kulipia usichokitumia kwa mali ya wengine kuna jina lake, nalo ni israfu. Ubao wa kawaida wa ofisini nao tuliupima: bei yake ilikuwa shilingi 290,000, lakini ulikuwa na matundu mawili tu ya kasi na nafasi moja ya diski mpya. Huu wa gemu, wa toleo lililokwisha kupitwa, ulikuwa 480,000. Ulikuwa na matundu manne ya gigabiti 5, moja la 10, moja la Type-C la 20, na nafasi mbili za diski. Tofauti ya 190,000 ni kubwa, ila kununua nyongeza za nje ili kuyapata hayo yote kungetugharimu karibu sawa na hapo, tena kwa vifaa hafifu.

Mwenye kununua kwa mara ya kwanza ajihadhari na majina. USB ilibuniwa katikati ya miaka ya 1990, kazi iliyoongozwa ndani ya Intel na mhandisi mzaliwa wa India, Ajay Bhatt, ili watu waondokane na wingi wa matundu yasiyofanana. Nia ilikuwa wepesi. Lakini tazama kilichofuata: USB 3.0 ya mwaka 2008 ilikuwa ya gigabiti 5. Ilipokuja 3.1 mwaka 2013, yenye gigabiti 10, ile ya kwanza ikapewa jina jipya na kuitwa 3.1 kizazi cha kwanza. Ilipokuja 3.2 mwaka 2017, yenye kufikia 20, ile ile ya 2008 ikaitwa tena 3.2 kizazi cha kwanza. Basi muuzaji akikuambia "hii ni USB 3.2" anaweza kuwa mkweli kabisa, nawe ukaondoka na tundu la 5, la 10 au la 20. Sisi wa ukanda huu tunalijua jambo hili kwa sura nyingine: ni kama kuuziwa dhahabu kwa gramu bila kutajiwa usafi wake. Katika milango ya biashara ya vitabu vya fiqhi, kutojulikana sifa ya kinachouzwa ni gharari, na dawa yake ni kuitaja sifa. Uliza gigabiti ngapi, usiulize jina. Umbo la Type-C nalo si dhamana, kwani lipo lenye kasi ya mwaka 2000 ndani ya umbo la mwaka 2014. Wala rangi si sheria, ingawa buluu mara nyingi huashiria gigabiti 5.

Tulikisoma kijitabu cha ubao kabla ya kutoa fedha, kwani kinapatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Humo tulikuta maandishi madogo: ukiijaza nafasi ya pili ya diski mpya, matundu mawili ya diski za zamani hufa. Kwetu halikuwa na madhara. Kwa mwenye diski sita lingekuwa msiba.

Muuzaji alikuwa Mwanza, na mzigo siku hizi hausubiri pantoni tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Kwa kuwa tulikuwa tukinunua kitu tusichokiona, tulimwomba hiari ya siku tatu, ile inayotajwa katika madhehebu yetu ya Shafii, kwamba ndani yake mnunuzi aweza kurudisha. Muuzaji si Muislamu. Alisikiliza maelezo yetu ya fiqhi kwa subira, kisha akasema hiyo ndiyo desturi ya duka lake.

Siku ya pili aibu ikajitokeza. Tundu moja la buluu lilikuwa likishika na kuachia. Ukikigusa kifaa kidogo, kinapotea. Kijana akasema yako mengine matatu, tuendelee, diski inakufa. Mweka hazina, mwanamama asiyejua tofauti ya biti na baiti, alisema neno ambalo hatukuwa na jibu lake: mwenye mali anaweza kusamehe kasoro ya kitu chake, lakini sisi si wenye mali. Kuurudisha ubao kulimaanisha kungoja takriban juma zima. Kuutumia kulikuwa na tatizo lake, kwani mnunuzi akiijua aibu kisha akaendelea kukitumia kitu, huhesabiwa ameridhia na haki yake ya kurudisha huanguka. Na diski ilikuwa ikigonga. Kikao kile kilikuwa kizito kuliko vikao vya ujenzi wa choo, na wajuao vikao vya misikiti watatuelewa.

Imamu ndiye aliyelitatua. Alisema haki ile ni baina yetu na muuzaji, basi aombwe ruhusa. Tukampigia simu usiku uleule, tukamweleza aibu ya tundu na habari ya marehemu mwalimu. Akacheka kidogo, kisha akasema: "Nakilini kwanza, ndugu zangu, halafu mnirudishie." Mbele ya mashahidi wanne, simu ikiwa kwenye spika.

Jenereta tuliazima kwa mwenye karasha. Diski ilichukua saa mbili unusu badala ya ile chini ya saa mbili ya hesabu zetu, kwa kuwa ilikuwa ikikwama na kurudia rudia mafaili kadhaa. Hakuna aliyeondoka. Mzee yule wa taa za rangi alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama mstari wa kijani ukisogea kwenye kioo, tasbihi mkononi, na ilipofunguka darsa ya kwanza na sauti ya mwalimu ikasikika ikiwahimiza watoto wa mstari wa nyuma wanyamaze, alifuta macho kwa ncha ya kanzu.

Ubao ulirudi Mwanza, na mwingine wa aina ileile ukaja bila malipo ya ziada. Tumeupima tundu kwa tundu kwa saa ya mkononi, na kila moja limetoa kasi iliyoandikwa, isipokuwa lile la gigabiti 20 ambalo hatuna kifaa cha kulipima. Pini za matundu hayo zimepakwa dhahabu, tabaka jembamba mno, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Mtoto mmoja wa madrasa alituuliza kama imetoka Nyang'hwale. Tulicheka, lakini swali si la kipuuzi: tani moja ya mbao kuukuu za kompyuta huweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe yetu. Wazazi wawazuie watoto kuzichoma, maana moshi wake ni sumu.

Na kuhusu michezo yenyewe, tusifiche: ubao huu unaweza kuiendesha, ukiongezewa kadi ya picha. Hatukuinunua. Kompyuta imewekwa chumba cha mbele, kioo kimeelekea mlango, na mwenye neno la siri ni mweka hazina. Mzazi mwenye kijana anayetaka ubao wa namna hii na aanzie hapo, kwenye mahali pa kukaa kompyuta na saa za kuitumia, ndipo aje kwenye gigabiti.

Katika darsa 212 zilizokuwamo kwenye diski, nne hazikufunguka. Zote ni za kumi la mwisho la Ramadhani, mwaka wa mwisho wa mwalimu. Waliorekodi usiku huo kwa simu zao tunawaomba wafike nazo ofisini siku yoyote baada ya swala ya Alasiri, waje na waya wa simu.