120 si kipimo, wasee. Mimi nililipa kujua

Wasee, wale mlinicheka kwa ile posti ya kamera ya babu, leo nimerudi kukubali makosa. Kidogo tu lakini.

Kwa wenye hawakuiona: tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ikigoma, niko nyumbani Kaaleng narekodi video na simu na kutafuta mahali netiweki inashika. Siku moja nyanya akanitolea sanduku la chuma la marehemu babu, ambaye alikuwa dereva wa wamisionari. Ndani kulikuwa na kamera ya boksi, nyeusi, ya Kodak. Jina lake ni Six-20 Brownie D. Nyuma iko na kidirisha chekundu, na ukichungulia unaona namba 6.

Mimi nikaona kontenti. Nikauliza muuzaji mmoja mtandaoni, akaniambia kamera zote za filamu pana zinatumia 120. Nikatuma elfu mbili na kitu. Filamu ikaja na basi mpaka Lodwar, halafu na Land Cruiser mpaka huku. Nikafungua kamera saa saba mchana, nje, na jua la Turkana mnalijua. Roli ya 120 ikakataa kuingia. Na ndani kulikuwa na filamu ingine. Ya babu.

Hapo ndio nikaanza kusoma, wakati ningepaswa kuwa nimeshasoma.

Kumbe 120 haipimi kitu chochote. Si milimita, si idadi ya picha. Kodak walikuwa wanapatia filamu zao namba za kufuatana tu, kama jezi. 120 ilitoka 1901 na upana wake ni kama sentimita sita. 127 ilitoka 1912, na ni nyembamba kuliko 120 ingawa namba yake ni kubwa. Sasa 620, ya miaka ya 1930, ndio ilinichapa. Filamu ni ile ile ya 120, upana ule ule, lakini spuli yake imekondeshwa na vile visahani vya mwisho ni vidogo. Kodak waliacha kuiuza 1995. Na jina la kamera lilikuwa linaniambia wazi, Six-20! Mimi nikadhani ni modeli tu, kama za simu.

Idadi ya picha nayo inaamuliwa na kamera. Roli moja ya 120 inakupa picha 12 za mraba wa 6 kwa 6, ama 10 za 6 kwa 7, ama 8 za 6 kwa 9. Ya babu ni hizo nane. Nane tu! Mimi hupiga nane kabla mbuzi ageuze kichwa.

Kitu kiliniokoa ni karatasi. Hizi filamu zimeviringwa pamoja na karatasi ndefu, nyeusi upande wa ndani, na namba za kidirisha zimeandikwa juu yake. Kuna ingine inaitwa 220, ya 1965, ambayo ni ndefu mara mbili kwa sababu katikati hawakuweka karatasi. Ingekuwa ni hiyo imeachwa wazi kwa jua, ningeunguza kila kitu. Lakini kwa hii, picha ya kwanza imezikwa ndani kabisa ya spuli, ya pili juu yake, hivyo hivyo. Ile haina pa kujificha ni ile imenyooshwa mbele ya lenzi wakati unafungua. Namba 6.

Usiku usio na mwezi nikaingia chini ya blanketi mbili, nikamaliza kuviringa kwa kupapasa, nikafunga roli na foili, nikatuma Nairobi. Nikaandika kwa herufi kubwa: RUDISHENI SPULI. Sababu ni hii. Ili ile 120 yangu iingie kwa kamera lazima niihamishe gizani mpaka spuli ya 620, na kamera inataka ingine tupu ya kupokea. Jumla mbili. Waliosafisha waliitupa. Sitawataja.

Picha mbili zilitoka, hafifu, zimejaa madoadoa. Moja ni kipande cha Land Rover. Ingine ni msichana na shanga mpaka kidevuni, anaangalia kando. Nikamwonyesha nyanya kwa simu nikijua nitapata machozi na video kali.

"Huyo si mimi," akasema. "Huyo ni dada yangu."

Dadake alifariki zamani, kabla mama yangu azaliwe. Nyanya alishika simu muda mrefu, mpaka skrini ikazima. Halafu akaanza kuhesabu na vidole: gari, padri, ngamia, dada. Mimi alinipiga mwisho, akasema. Yangu iko wapi?

Nikamwambia ukweli, vile nilifungua kamera juani. Hakunigombeza. Alinirudishia simu akaendelea kuchambua maharagwe. Hiyo video sikurekodi.

Sasa filamu yangu ya 120 iko ndani ya debe chini ya kitanda, mahali kuna baridi kidogo. Niko na spuli moja ya 620. Nahitaji ingine, hata kama iko na kutu, mradi haijapinda. Kama kwenu kuna Brownie ya mzee, angalia kwanza kidirisha. Ukiona namba, usifungue mchana. Ukipata spuli tupu, niandikie, nauli ni yangu.

Nyanya ameshaosha shanga zake.