Shavu Sakafuni

Tulipomaliza kumzika mwalimu wangu wa kazi kule Tanga, wanawe waliniomba niandike alivyotufunza, maana karakana yake imefungwa na vijana wa leo wanapokea sakafu ikiwa kwenye maboksi. Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Muheza, baba akilima machungwa. Nilipomaliza darasa la saba nikapelekwa kwa mzee kuzoa maranda.

Tulitandika sakafu za mvule na mninga. Mninga ni mti mgumu kuujulia: nyuzi zake hupishana, basi randa inateleza vizuri shibiri moja, shibiri inayofuata inachuna. Mzee alianza na msasa namba 40, akaja 60, 80, hadi 120, na ole wako uruke namba, kwani mikwaruzo ya 40 haitoki kwa 120. Kabla ya msasa wa mwisho alipitisha kitambaa chenye unyevunyevu, vinyweleo vya mbao vikasimama. Vikikauka, ndipo tunavikata. Jioni aliweka kandili sakafuni, kwenye kona, akalala kifudifudi, shavu juu ya ubao, jicho moja kalifumba. Mwanga wa pembeni hukipa kila kibonde kivuli chake. Alipoona wimbi alitia chaki, na kopo la vanishi halikufunguliwa mpaka chaki zote zimeondoka kwa msasa.

"Vanishi haifichi, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Inatangaza."

Mbao zilizopakwa kiwandani sizichukii. Vanishi yake huchanganywa na oksidi ya alumini, ikakaushwa kwa miale ya urujuanimno kwa muda mfupi mno, na kwa kuhimili mchanga wa viatu inaishinda yetu. Nyumba haijai harufu, mwenyewe anahamia mapema. Lakini ugumu wa vanishi ni jambo moja, na uso wa ubao ulio chini yake ni jambo jingine. Hapo ndipo nilipogombana na muuzaji mmoja wa Dar es Salaam.

Niliitwa Masaki kutandika mwaloni wa kutoka nje, uliotiwa rangi nzito ya kahawa. Nikafungua maboksi, nikalaza tochi ubavuni mwa ubao. Mawimbi tele! Yalikata nyuzi kwa upande, yamepangana kwa nafasi sawa, kila moja mbali na mwenzake kwa upana wa kidole. Kiganja hakikuyahisi, jicho liliyaona. Mawimbi ya namna hiyo hutoka kwenye mashine ya msasa: rola haizunguki sawasawa, au kiungo cha mkanda kina nundu. Rangi nzito na mng'ao ukaja juu yake, na ule mchoro wa mwaloni ambao mteja aliulipia ukamezwa na mistari ya mashine.

Muuzaji akasema sakafu hukaguliwa mtu akiwa amesimama, kwa mwanga wa kawaida, si kwa kulala na tochi. Hoja hiyo ina watetezi wengi, na ndivyo wakaguzi wengi wanavyofanya. Mimi nilimwonyesha dirisha. Sebule ile ilielekea magharibi, kioo kutoka juu hadi chini. Alasiri jua lenyewe linalala sakafuni kama kandili ya mzee. Huo ndio mwanga wa kawaida wa nyumba ile, kila siku ya Mungu. Sikupiga msumari. Akaletwa fundi mwingine, na leo sebule ile imetandikwa zulia toka ukuta hadi ukuta.

Vijana, nawasihi: fungueni maboksi yote kabla ya kuanza, mchanganye mbao za boksi hili na lile ili rangi zisijitenge kama viraka. Ulizeni unene wa tabaka la juu la mbao, maana likiwa jembamba mno hakuna msasa wa kuja kuokoa kitu. Kila ubao upelekeni dirishani, muutazame kwa urefu wake, jicho likiwa chini. Ukiwa na mawimbi, uwekeni kando na mwiteni mwenye nyumba aone kwa macho yake siku hiyohiyo, kwa sababu ubao uliokwisha kupigiliwa huhesabiwa umekubaliwa, na muuzaji hataurudisha.